Lifti ya Trekta Kuukuu Ikigoma: Anza na Oili, Pampu Iwe ya Mwisho

Juu kabisa ya Manyatta, Embu, kwenye mashamba ya majani chai yanayopakana na msitu wa Mlima Kenya, trekta haina kazi nyingi. Miteremko ni mikali na mashamba yamegawanywa vipande vidogo. Kazi yake iko chini, Kithimu, Mbeti Kaskazini na Gaturi Kusini, na baadhi ya wenye trekta huvuka hadi Mbeere au kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea kutafuta kibarua. Nyingi ya trekta hizo zimewazidi umri madereva wanaoziendesha. Utakuta Massey Ferguson 135, 165 na 240, pamoja na Ford za miaka ya 1960 na 1970, zilizopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia aliye nazo leo. Injini zake hazimtishi mtu, kwa kuwa mafundi wa jua kali mjini Embu wanazifahamu vizuri. Kinachowakosesha watu usingizi ni haidroliki: mvua ya Machi imeanza, wakulima wamepanga foleni, na plau imekataa kuinuka.

Hapo huitwa fundi, na mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kufungua kifuniko cha juu na kuitoa pampu. Huko ni kuanza kazi kwa mwisho wake. Pampu ya trekta hizi ni imara sana. Inapokufa, mara nyingi imeuawa na oili chafu, yenye maji au isiyotosha. Na kuna siku nyingi inapolaumiwa bila kosa. Makala haya yanafuata mpangilio wa gharama: kwanza mambo ambayo dereva anaweza kuyakagua bila spana, kisha oili na chujio, halafu dalili na maana yake, na kufungua kuje nyuma ya yote hayo.

Oili inapita wapi

Massey Ferguson za zamani zilirithi mpango wa Harry Ferguson, mhandisi wa Ireland aliyebuni namna ya kushikanisha plau na trekta kwa pointi tatu na kuiinua kwa haidroliki. Trekta yake ndogo ya kijivu, TE20, ilianza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Kampuni yake iliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na ile 135 tunayoijua sote ikatokea mwishoni mwa 1964. Misingi ya haidroliki haikubadilika sana.

Pampu ya pistoni nne imekaa ndani ya tumbo la trekta, chini ya kiti, imezama kwenye oili. Inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana za nyuma. Valvu ya kuongoza iko upande ambao pampu inavutia oili: ukiinua liva, valvu inafungua njia na pampu inapata oili, mikono ikifika juu, njia inafungwa na pampu inazunguka bila kusukuma kitu. Oili iliyosukumwa hupanda kwenye mrija mfupi uliosimama hadi kwenye silinda iliyo chini ya kifuniko cha juu. Hapo pistoni inasukuma, na mikono inainuka. Kushuka hakutumii nguvu ya pampu. Uzito wa plau ndio unaoirudisha oili chini.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ni kwamba oili hiyo ndiyo hiyo inayolainisha giaboksi na difu. Unga wa chuma unaosagika kwenye gia, mchanga ulioingia siku ya kuongeza oili, maji ya mvua, vyote vinapita kwenye pampu na kwenye valvu ambayo nafasi yake ya kuteleza ni nyembamba kuliko unywele.

Usalama kwanza

Shusha plau chini kabisa, zima injini, kisha sogeza liva juu na chini ili presha iliyobaki itoke. Plau inayoning'inia kwa oili haijashikwa na kitu cha kutegemewa. Oringi moja ikikatika, inashuka na kilo zake zote. Ikibidi kuingia chini yake, weka magogo mazito au stendi za chuma, si matofali wala mawe, maana hupasuka bila kutoa onyo.

Usitafute uvujaji kwa kupapasa bomba kwa vidole. Tundu dogo kama la sindano kwenye bomba lenye presha hutoa uzi wa oili usioonekana, nao hupenya ngozi papo hapo. Tumia kipande cha kadibodi: kipitishe kando ya bomba ukiwa umesimama mbali kidogo, oili itajichora juu yake. Mtu akipenywa, jeraha huonekana dogo na huenda lisiume sana mwanzoni, lakini nyama ya ndani huanza kufa. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Kwa watu wa Manyatta, Embu Level 5 ndiyo hospitali kubwa iliyo karibu. Mwambie daktari wazi kwamba ni oili yenye presha iliyoingia mwilini. Jeraha hilo linahitaji upasuaji wa haraka. Kupaka dawa na kufunga bendeji hakutoshi.

Ukaguzi usiohitaji spana

Liva ya PTO ndiyo ya kwanza. Kwenye Massey 35 na 135, liva hiyo lazima iwe kwenye nafasi ya injini ndipo pampu izunguke. Ikiwa katikati, pampu imelala. Ikiwa kwenye nafasi ya mwendo wa magurudumu, lifti itafanya kazi trekta ikitembea na kugoma ikisimama, na hapo dereva ataapa kwamba trekta ina mapepo. Dereva aliyezoea aina nyingine ya trekta anaweza asilijue hili kabisa.

Ya pili ni klachi. Kwenye trekta yenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga nusu magurudumu husimama na pampu inaendelea. Ukikanyaga hadi chini, PTO na pampu husimama pia. Anayekanyaga pedali mpaka mwisho huku akivuta liva ya kuinua atangoja bure.

Halafu tazama liva mbili zilizo kando ya kiti upande wa kulia. Moja huongoza kimo cha mikono, nyingine huongoza plau kulingana na uzito wa udongo inaouvuta. Zikichanganywa, lifti hufanya vituko: inainuka nusu, au inashuka yenyewe dereva akiwa katikati ya mfereji. Ikiwa trekta ina bamba la kutolea oili ya trela, hakikisha liva au koki yake imerudishwa upande wa lifti. Trekta iliyobeba kokoto Jumamosi na kupelekwa kulima Jumatatu mara nyingi hugoma kwa sababu hiyo tu.

Na ikiwa malalamiko ni kwamba mikono haishuki, uliza kama ina mzigo. Mikono mitupu haina uzito wa kusukuma oili irudi, hasa asubuhi ya baridi. Funga plau ndipo uhukumu.

Oili yenyewe

Simamisha trekta mahali tambarare, mikono ikiwa chini, na ungoje dakika kadhaa. Futa sehemu yote inayozunguka dipstiki kabla ya kuitoa, maana vumbi jekundu la huku likidondoka ndani halitoki tena kwa urahisi. MF 135 huchukua lita 30 hivi za oili, na wengi hawaamini kwamba ni nyingi kiasi hicho, kwa hiyo huongeza lita 5 na kuridhika. Oili ikiwa pungufu, trekta inaweza kuinua vizuri kwenye uwanja wa nyumbani na kugoma kwenye mteremko, kwa sababu oili imekimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Kwenye mashamba yetu yaliyoinama, kiwango kiwe kwenye alama ya juu daima.

Jeki ya trela nayo hunywa oili. Ikinyooka hadi mwisho, lita kadhaa zimetoka tumboni mwa trekta. Trela ikiachwa imeinuliwa, au ikifunguliwa ikiwa na oili ya watu, kiwango kinabaki chini. Trela ya kukodi huleta tabu nyingine: huingiza kwenye trekta yako uchafu wa trekta zote ilizopitia. Futa vichwa vya mabomba kila unapounganisha, na ukivifungua vifunike.

Sasa rangi. Chota oili kidogo, itie kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, na uiache usiku kucha. Oili nzima hubaki na rangi yake, hata ikiwa imekolea uzee. Ikiwa ilitoka na weupe wa maziwa, imechanganyika na maji, na asubuhi huenda ukaona maji yamejitenga chini ya chupa. Kama chini kuna unga unaometa unapoinamisha chupa kwenye jua, hicho ni chuma cha gia au cha pampu. Sampuli hiyo ya chupa ni bora kuliko maelezo yoyote utakayompa fundi kwa simu.

Maji yanaingiaje? Kwenye Massey za zamani mlango mkubwa ni ule mpira uliovalishwa chini ya liva ya gia. Ukichanika, kila mvua inayonyeshea trekta iliyolala nje inateremka moja kwa moja hadi kwenye giaboksi, na kutoka hapo hadi kwenye pampu. Kuosha trekta mtoni kwa kuimwagia ndoo juu ya giaboksi, au kwa mashine ya presha kwenye karwashi, hufanya vivyo hivyo kwa haraka zaidi. Mpira huo ni spea ndogo kabisa, na bado ndiyo inayosababisha kutu kwenye valvu ya kuongoza, valvu kukwama, na kifuniko cha juu kufunguliwa. Ikaguliwe leo. Na trekta ikilala nje, ifunikwe angalau kwenye liva ya gia.

Oili ikiwa na maji, haitoshi kuongeza mpya juu yake. Endesha trekta mpaka ipate joto, fungua plagi zote za chini, za giaboksi na za nyuma, iache itiririke kabisa, safisha chujio, kisha jaza. Baada ya siku chache za kazi, rudia kipimo cha chupa. Maji yaliyojificha kwenye kona huonekana wakati huo, na huenda ukalazimika kumwaga tena. Inauma mfukoni, lakini ni nafuu kuliko pampu.

Kuhusu aina ya oili, fuata kitabu cha trekta, au nunua ile iliyoandikwa kuwa ni ya trekta kwa giaboksi na haidroliki pamoja. Oili nzito ya difu inayowekwa na baadhi ya watu ili kuficha kelele za gia hufanya lifti kuwa nzito asubuhi, maana pampu inashindwa kuivuta. Oili ya injini iliyotumika, hata ikichujwa kwa kitambaa, ina masizi na chuma. Ya breki huharibu mipira na sili. Zote tatu ziepukwe.

Chujio

Kuna chujio la wavu kwenye njia ya kuvutia oili. Likijaa uchafu, pampu inanyimwa oili: kuinua kunakuwa kwa polepole, na unasikia mlio mwembamba wa kulia kutoka chini ya kiti, unaozidi ukikanyaga mafuta. Mlio huo ni wa pampu inayovuta hewa au isiyopata oili ya kutosha, na ukiachwa uendelee, pampu inaumia kweli. Chujio linawekwa na kutolewa kupitia kifuniko cha pembeni baada ya oili kumwagwa. Lioshe kwa diseli safi, lipulize, na ulitazame dhidi ya mwanga. Lililochanika litupwe. Wapo wanaolitoa na kurudisha trekta kazini bila chujio kwa kuwa «sasa inainua haraka». Itainua haraka kwa muda, kisha haitainua tena.

Ford nyingi na trekta za baadaye zina mpango wao wa pampu, na baadhi hutumia filta ya kubadilishwa badala ya wavu wa kuoshwa. Mpangilio wa kukagua ni uleule: liva, kiwango, rangi, filta, ndipo presha.

Dalili zinasema nini

Oili ni safi na inatosha, chujio limeoshwa, liva ziko sawa, na tatizo lipo. Sasa dalili zenyewe ndizo zitakazoonyesha upande wa kwenda.

Inainua mikono mitupu lakini plau inaishinda. Presha haifiki. Huenda valvu ya usalama imelegea na kufungua mapema, oringi za ule mrija uliosimama zimeisha na oili inarudi tumboni kabla ya kufika kwenye silinda, sili au ringi za pistoni ya lifti zimekwisha, au pampu imechakaa. Lakini pima mzigo kwanza. Plau ya diski tatu nzito iliyotengenezewa trekta kubwa si mzigo wa 135, na trekta hiyo haina ugonjwa wowote ikishindwa nayo.

Inainua kwa kurukaruka, kama inapiga hatua. Pistoni zile nne zinapaswa kupokezana bila kukatika. Ikiwa chumba kimoja valvu yake haifungi, au kuna uchafu uliokwama chini yake, zamu moja inakosa nguvu na mkono unashtuka kila mzunguko. Hiyo ni kazi ya pampu, na mara nyingi inatibika kwa kuisafisha na kubadilisha valvu, si kununua pampu nzima.

Inainuka, kisha inatikisika juu na chini injini ikiwa inanguruma. Oili inavuja mahali fulani ndani. Mikono inashuka kidogo, valvu inagundua na kuirudisha, inashuka tena. Ili kujua, inua plau, zima injini, na uweke alama ya chaki mahali mikono ilipo. Trekta ya umri huu kushuka taratibu kwa muda mrefu si ajabu. Ikiporomoka ndani ya dakika chache, uvujaji ni kati ya pampu na pistoni ya lifti: oringi za mrija, sili, valvu ya usalama, au silinda iliyopata ufa. Asiwepo mtu chini yake wakati wa kipimo hicho.

Inainuka hadi juu na kukataa kushuka hata ikiwa na plau. Valvu ya kuongoza imekwama, aghalabu kwa kutu, au fimbo za ndani zimejipinda. Usiigonge kwa nyundo wala kuruka juu ya plau. Sogeza liva mara kadhaa injini ikiwa na joto. Isipotii, ni ya fundi.

Plau inazama sana au inatoka ardhini yenyewe, ingawa lifti ina nguvu. Shika mahali toplinki, ile pointi ya juu kati ya zile tatu, inapofungwa nyuma ya trekta, plau ikiwa imefunguliwa, usukume na kuvuta kwa mkono. Hapo pana springi kubwa inayohisi uzito wa udongo. Ikicheza mbele na nyuma, trekta inapokea habari za uongo kuhusu udongo. Inarekebishwa kwa kukazwa kulingana na kitabu, bila kugusa pampu.

Kupima presha na kufungua

Fundi anayesema pampu imekufa aonyeshe geji. Inafungwa kwenye tundu la kutolea oili ya trela, na hapo ugonjwa unagawanyika mara mbili. Presha ikifika kiwango cha kitabu, ambacho kwa Massey nyingi za rika hili ni kati ya pauni 2,500 na 3,000 kwa inchi ya mraba, pampu ni nzima na kosa liko kwenye silinda, pistoni au fimbo. Isipofika, ni upande wa pampu, mrija au valvu ya usalama. Geji si kifaa cha bei ya kutisha, na kikundi cha wenye trekta wa wadi moja kinaweza kuchanga na kuwa nayo.

Kataa kabisa kuongezewa washa nyuma ya springi ya valvu ya usalama ili trekta «ipate nguvu». Presha ikipita kiasi, kinachofuata kupasuka ni silinda au kifuniko chenyewe, na spea hiyo haitapatikana kwa siku moja.

Kifuniko cha juu ni kizito. Kinyanyuliwe kwa mnyororo wa kuning'inia, si kwa vijana wanne walioshika kona. Kazi ifanywe chini ya paa, trekta ikiwa imeoshwa na kukaushwa kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa. Upepo wa Agosti na vumbi la barabara vinatosha kuharibu kazi nzuri. Kwa kuwa umeshalipa gharama ya kufungua, badilisha oringi na sili zote, hata zinazoonekana nzima, na udai kuziona za zamani. Mrija usimame wima unaposhusha kifuniko. Ukipinda na kukata oringi, utarudi hapo kabla ya wiki kwisha.

Oili iliyomwagwa ikusanywe kwenye mitungi. Isielekezwe kwenye mtaro, maana mitaro ya huku inaishia Rupingazi na Kapingazi, na walio chini wanateka maji hayo.

Ewe mwenye trekta, kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Oktoba, fanya kipimo cha chupa, tazama mpira wa liva ya gia, osha chujio, na uandike tarehe kwenye daftari pamoja na aina ya oili uliyotia. Daftari hilo likabidhiwe kila dereva mpya unayemwajiri, naye aonyeshwe liva ya PTO siku ya kwanza.